Mwanga Unaopinda Molekuli: Elektroni, Mitetemo na Tiba ya Umanjano wa Mtoto Mchanga

Mzazi anayemwona mwanawe wa siku tatu amelazwa chini ya taa ya bluu, macho yamefunikwa, mwilini hana ila nepi, wala hapewi sindano au dawa ya kunywa, ana haki ya kuuliza: taa hii inatibu nini? Jibu linalosikika mara nyingi wodini na mitaani ni kwamba mwanga "unaunguza" umanjano, au kwamba joto la taa "linayeyusha" sumu iliyo katika ngozi. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake lina gharama. Anayeamini kwamba joto ndilo linaloponya atamwanika mtoto juani, au ataona taa ya kawaida ya chumbani inatosha, au atamfunika blanketi akidhani taa itafanya kazi hata hivyo.

Ukweli ni kwamba mwanga hauunguzi bilirubini. Huibadilisha umbo. Badiliko hilo huanzia katika elektroni moja, huendelezwa na mitetemo ya molekuli yenyewe, na huishia katika choo na mkojo wa mtoto. Anayelielewa jambo hili ataelewa pia kwa nini kila sharti la tiba ya mwanga limewekwa kama lilivyo.

Umanjano unatoka wapi

Kwanza, umanjano wa mtoto mchanga hauhusiani na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Umanjano huu unatokana na bilirubini, rangi inayozalishwa seli nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjwa. Seli za mtu mzima huishi takriban siku 120. Za mtoto mchanga huishi muda mfupi zaidi, naye huzaliwa akiwa nazo nyingi. Hivyo bilirubini nyingi huzalishwa katika siku zilezile ambazo ini lake bado halijakomaa.

Kazi ya ini ni kuiunganisha bilirubini na aina ya sukari ili iweze kuyeyuka katika maji na kutoka pamoja na nyongo. Kabla ya hapo bilirubini haiyeyuki vizuri katika maji. Husafiri katika damu ikiwa imebebwa na protini iitwayo albumini. Takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa baada ya kutimiza miezi, na 8 kati ya 10 walio njiti, huonekana wa manjano katika wiki ya kwanza. Wengi hupona bila tiba. Lakini kiwango kikipanda mno, bilirubini huzidi uwezo wa albumini kuibeba, huingia katika ubongo na kuharibu seli zake. Mtoto anaweza kufa, au akaishi na mtindio wa ubongo na uziwi. Madhara hayo hayarudishiki nyuma, ilhali karibu yote yanaweza kuzuiwa.

Molekuli iliyojikunja

Kwa nini bilirubini haiyeyuki katika maji? Mtu akiangalia orodha ya atomu zake anaweza kushangaa, kwa maana ndani yake mna sehemu kadhaa zinazopenda maji. Tatizo ni umbo. Molekuli ya bilirubini ina nusu mbili zilizounganishwa katikati na kiungo kinachoweza kukunjika. Kila nusu ina pete mbili, na pete hizo zimeshikanishwa kwa daraja lenye kifungo maradufu, yaani muungano imara wa atomu mbili za kaboni usioruhusu mzunguko. Tena molekuli ina mikono miwili yenye tindikali.

Mwaka 1976 Bonnett, Davies na Hursthouse walichapisha umbo la bilirubini lililopimwa kwa eksirei katika fuwele zake. Ilidhihirika kwamba molekuli imejikunja mfano wa paa la nyumba lenye migongo miwili, na kila mkono wa upande mmoja umeishika nusu ya upande wa pili. Mshiko huo hufanywa na vifungo sita vya hidrojeni, vitatu kila upande. Sehemu zote zinazopenda maji zimeshughulika zenyewe kwa zenyewe ndani ya mkunjo, kama mtu aliyekumbatia mikono kifuani asiyeweza kumpa mwingine mkono. Maji hayapati pa kushika.

Ili bilirubini iweze kuyeyuka katika maji, kuna njia mbili: ama kuifungia kitu kinachopenda maji, kama lifanyavyo ini, ama kuufungua mkunjo wenyewe. Taa ya bluu hufuata njia ya pili.

Elektroni nyepesi, viini vizito

Ili kuelewa jinsi mwanga unavyofungua mkunjo huo, ni lazima kutazama ndani zaidi. Molekuli imeundwa na viini vya atomu, ambavyo ni vizito, na elektroni, ambazo ni nyepesi mno. Kiini cha atomu ya kaboni ni kizito kuliko elektroni kwa zaidi ya mara 20,000. Viini havikai tuli. Hutetema daima, vikikaribiana na kuachana kama vitu vilivyofungwa kwa springi. Kifungo maradufu cha kaboni hutetema zaidi ya mara trilioni 40 katika sekunde moja. Kasi hiyo ni kubwa, lakini mbele ya elektroni viini ni wazito wa mwendo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1927 Max Born na Robert Oppenheimer walionyesha kwamba kwa kawaida mienendo hiyo miwili inaweza kuhesabiwa kando kando. Viini hujongea taratibu, nazo elektroni hujipanga upya papo hapo kufuata kila hatua. Kwa mtazamo huo molekuli hufanana na kijiwe kinachoviringika juu ya ardhi yenye vilima na mabonde. Ardhi ni nishati iliyotengenezwa na elektroni, kijiwe ni mpangilio wa viini, na bonde ni umbo ambalo molekuli hutulia.

Lakini zipo hali ambazo utaratibu huo huvunjika. Mwaka 1937 Hermann Jahn na Edward Teller walithibitisha kanuni maarufu inayobeba majina yao: molekuli yenye umbo la ulinganifu, isiyokuwa mstari mnyoofu, ikiwa elektroni zake zina hali mbili zenye nishati sawasawa za kuchagua, haiwezi kubaki katika ulinganifu huo. Mtetemo fulani utaipinda, na kwa kupindika hali moja itakuwa nafuu kuliko nyingine. Mfano wa kawaida ni shaba iliyoyeyuka katika maji. Badala ya kuzungukwa na molekuli sita za maji kwa umbali ulio sawa, kwa kawaida nne hukaa karibu na mbili husogea mbali.

Kanuni ya Jahn na Teller ni tawi moja la jambo pana zaidi, ambalo ni mwingiliano wa elektroni na mitetemo. Kila palipo na hali mbili za elektroni zilizokaribiana kwa nishati, au zinazokutana, mtetemo wa viini unaweza kuivusha molekuli kutoka hali moja hadi nyingine na kubadili umbo lake njiani. Bilirubini si kielelezo cha kanuni yenyewe ya mwaka 1937, lakini ni ya ukoo huo.

Kinachotokea mwanga unapofika

Mwanga wa bluu unapopenya ngozi ya mtoto na kuifikia bilirubini, molekuli humeza kipande kimoja cha mwanga, yaani fotoni. Elektroni moja huruka kutoka mahali pake pa kawaida kwenda hali ya juu. Viini havina muda wa kusogea katika mruko huo, lakini ardhi iliyo chini yao imekwisha kubadilika. Kile kifungo maradufu kilichokuwa imara kimelegea, kwa kuwa elektroni iliyokuwa ikikishikilia imeondoka. Palipokuwa bonde sasa ni mteremko.

Hapo mitetemo hushika usukani. Daraja lililolegea huanza kujisokota, na kwa kadiri linavyojisokota hali ya juu ya elektroni hushuka na ya chini hupanda, mpaka zinapokutana. Mahali hapo pa makutano ni njia panda. Elektroni hurudi chini, na molekuli hujikuta ama ikirudi katika umbo lake la awali, ama ikiendelea kuzunguka hadi kukamilisha nusu mzunguko. Yote haya huchukua muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Molekuli nyingi hurudi zilipotoka, na nishati ya fotoni hupotea kama joto dogo. Ni sehemu ndogo tu zinazogeuka kila mara. Ndiyo maana tiba huhitaji mwanga mwingi kwa saa nyingi.

Ile inayogeuka, pete yake ya pembeni huwa imepinduka. Mkono uliokuwa umeishika hauipati tena, vifungo vya hidrojeni vya upande huo hukatika, na sehemu zinazopenda maji huachwa wazi. Atomu ni zilezile, kwa idadi ileile. Kilichobadilika ni umbo, na kwa badiliko hilo pekee ini linaweza kuitoa bilirubini kwenye nyongo bila kuiunganisha kwanza na sukari.

Umbo hilo jipya hupatikana upesi. Baada ya saa chache chini ya taa, takriban sehemu moja ya tano ya bilirubini yote iliyomo katika damu inaweza kuwa katika umbo hilo. Kasoro yake ni kwamba linaweza kugeuka na kurudi lilivyokuwa. Umbo la pili, liitwalo lumirubini, huzalishwa polepole zaidi. Hapo sehemu ya pembeni ya molekuli hujifunga na kufanya pete mpya isiyofunguka. Lumirubini hairudi nyuma, nayo hutoka kwa nyongo na kwa mkojo. Bilirubini inayovunjwavunjwa kabisa na mwanga ni kidogo tu.

Jambo hili si geni mwilini. Jicho linalosoma maandishi haya linaona kwa njia inayofanana nalo. Molekuli ya retinali, inayotokana na vitamini A, humeza fotoni na kujinyoosha kutoka umbo lililopinda, katika muda wa takriban sehemu 200 za sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni.

Tiba iliyoanzia dirishani

Tiba ya mwanga haikubuniwa na wanafizikia. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Sista Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua. Aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka isipokuwa mahali palipofunikwa na shuka, ambapo umanjano ulibaki vilevile. Baadaye bomba la damu ya mtoto mwenye umanjano lilisahauliwa dirishani penye jua, na lilipopimwa, kiwango cha bilirubini kilikuwa kimeshuka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1958 Cremer na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet pamoja na maelezo ya taa waliyoitengeneza. Mwaka 1968, huko Vermont nchini Marekani, Jerold Lucey na wenzake walichapisha utafiti uliowagawa watoto njiti kwa nasibu, ukathibitisha kwamba mwanga huzuia bilirubini kupanda. Maelezo ya kupindika kwa molekuli yalikuja baadaye, kwa kiasi kikubwa kupitia kazi ya Antony McDonagh na David Lightner.

Elimu hii inamwambia nini mhudumu wa afya

Kwanza, rangi ya mwanga ni sharti. Elektroni ya bilirubini haipokei fotoni yoyote. Huhitaji ile yenye nishati inayolingana na mruko wake. Mwanga unaofaa ni wa bluu hadi bluu-kijani, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 460 na 490. Taa ya manjano au nyekundu, hata iwe na nguvu kiasi gani, haimfai mtoto. Wala mwanga wa tiba si urujuanimno. Taa nzuri haitoi miale hiyo.

Pili, wingi wa fotoni ndio dozi. Kwa tiba ya nguvu hupendekezwa angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Jicho la mtu haliwezi kupima hilo. Taa iliyochakaa inaweza kuonekana inang'aa sana huku mwanga wake wa tiba umepungua. Kipima mwanga ndicho shahidi wa kuaminika. Umbali wa taa ufuate maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa taa ikiwa mbali dozi hupungua, na baadhi ya taa zenye joto zikisogezwa mno huunguza.

Tatu, ngozi iliyofunikwa haitibiwi. Lile alama la shuka la Rochford ni fundisho linalodumu. Nepi iwe ndogo, nguo na blanketi ziondolewe, na joto la mtoto lilindwe kwa kupasha chumba. Macho yafunikwe wakati wote wa mwanga, na yafunuliwe wakati wa kunyonya.

Nne, rangi ya ngozi haiaminiki tena tiba ikishaanza. Bilirubini iliyo karibu na ngozi hubadilika mapema kuliko iliyo katika damu, hivyo mtoto anaweza kuonekana amepauka ilhali kiwango chake bado ni cha hatari. Uamuzi wa kuendelea au kuacha utokane na kipimo cha damu. Na sampuli ya damu ifunikwe isipigwe na mwanga, la sivyo kitatokea kilekile kilichotokea dirishani Rochford, na majibu yatadanganya.

Tano, mlango wa kutokea uwe wazi. Bilirubini iliyogeuzwa umbo hutoka kwa nyongo na mkojo, kwa hiyo mtoto asiyenyonya hufaidika kidogo. Anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa siku. Maji ya glukosi hayachukui nafasi ya maziwa ya mama.

Kuhusu jua

Desturi ya kumwanika mtoto jua la asubuhi ina chembe ya ukweli, kwa kuwa jua lina mwanga wa bluu. Lakini jua lina pia urujuanimno unaoathiri ngozi, na joto linaloweza kumwishia mtoto maji mwilini, na dozi yake haipimwi. Mtoto mwenye umanjano mkali anayebaki nyumbani akianikwa hupoteza saa ambazo ubongo wake hauwezi kuzipata tena. Utafiti uliofanyika Lagos, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba jua lililochujwa kwa vitambaa maalumu vya plastiki vinavyozuia urujuanimno na kupunguza joto halikuwa duni kuliko taa za kawaida. Watoto hao, hata hivyo, walikuwa chini ya uangalizi wa wahudumu waliopima joto na mwanga. Matokeo hayo si ruhusa ya kutumia jua tupu uani.

Kwa wazazi

Mtoto mwenye ngozi nyeusi anaweza kuwa na umanjano usioonekana kirahisi. Atazamwe mchana, penye mwanga wa kutosha, katika ufizi, weupe wa macho, viganja na nyayo. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa iwapo umanjano umeanza ndani ya saa 24 za kwanza, iwapo umefika viganjani na nyayoni, au iwapo ananyonya kwa shida, amelegea, ni vigumu kumwamsha, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, au anakakamaa na kujipinda mgongo kama upinde. Nguo zilizohifadhiwa pamoja na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza wadudu asivikwe kamwe. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ya malaria, anaweza kuvunjikiwa na seli za damu kwa kasi kwa sababu ya naftalini.

Umanjano unaoendelea zaidi ya siku 14 huhitaji uchunguzi mwingine, hasa choo kikiwa cheupe kama chokaa na mkojo ukiwa mzito wa rangi. Hapo huenda tatizo likawa mirija ya nyongo iliyoziba. Bilirubini ya namna hiyo imekwisha kuunganishwa na sukari na ini, wala kikwazo chake si umbo tena bali njia ya kutokea. Mwanga hautaisaidia, mtoto huyo anahitaji daktari wa upasuaji, na mapema.